Wanafunzi wangu wa China, Japani na Korea hawaulizi chochote. Je, wanapenda wanachosoma?

SWALI

"Nafundisha Kiswahili kwa wageni hapa Unguja. Muhula huu nimepata kundi la vijana wa chuo kikuu kutoka China, Korea Kusini na Japani. Adabu wanayo, hawachelewi, na kila ninachosema wanakiandika. Tatizo darasa limepooza. Nikiuliza 'mmeelewa?' wote wanaitikia kwa kichwa, halafu kimya. Kwenye majaribio ya kuandika wanawapita Wazungu wote niliowahi kuwafundisha, ila wakishatoka getini hawasemi na mtu. Mmoja kanambia waziwazi kwamba Kiswahili hakukichagua. Hivi wanapenda wanachosoma? Na kama hawapendi, wamekuja kutafuta nini mbali namna hii?"

JIBU

Mwalimu, salamu. Nianze na huyo aliyekwambia hakukichagua Kiswahili, maana naona ndiye aliyekuchoma. Sitashangaa akiwa anatoka China.

Mtihani wao wa kuingia chuo kikuu, gaokao, hufanyika kila mwaka kuanzia tarehe 7 Juni. Mwaka 2024 walijiandikisha watu milioni 13.42. Katika mikoa mingi jumla ya alama ni 750, na mtahiniwa hujaza orodha ya vyuo na fani anazozitaka. Kwenye fomu hiyo kuna mahali pa kukubali kwamba, alama zikipungua kidogo kwa fani ulizoomba, chuo kikupangie fani nyingine yenye nafasi. Wazazi na walimu humsihi mtoto akubali, kwa kuwa asipokubali anaweza kukikosa chuo chenyewe, na huko jina la chuo lina uzito kuliko fani. Basi kijana wa Henan aliyeota kusomea uchumi au Kiingereza mjini Beijing anajikuta amepangiwa Kiswahili, lugha ambayo pengine hajawahi kuisikia. Korea hali inakaribiana na hiyo. Chuo Kikuu cha Hankuk cha Lugha za Kigeni mjini Seoul kinafundisha Kiswahili, na waombaji wengi huanza kwa kupima alama zao zinatosha idara ipi, ndipo wanapouliza idara hiyo inafundisha nini.

Sisi tukimsikia mtu anasema "sikuchagua" tunasikia manung'uniko. Yeye huenda alikuwa anakupa historia yake tu. Wengi niliowafundisha huko waliingia kwenye Kiswahili kwa kupangiwa hivyohivyo, na kufika mwaka wa tatu walikuwa wakibishana wao kwa wao juu ya ngeli ya neno fulani hadi chakula kinapoa. Mapenzi yalikuja nyuma ya kazi. Katika shule walizopitia, hakuna anayesubiri apende ndipo ajitahidi. Unajitahidi kwanza, kupenda kutakuja au hakutakuja, lakini daftari lazima lijae. Kwa hiyo swali lako la "wanapenda?" ni la haki, ila wao wenyewe hawajipimi kwa kipimo hicho, na ukiwauliza hivyo watakupa jibu la adabu lisilokusaidia.

Kuna jaribio la mwaka 2001 ambalo huwa nawasimulia walimu wapya. Mwanasaikolojia Steven Heine na wenzake waliwapa wanafunzi wa vyuo vya Kanada na Japani chemshabongo. Wengine walipewa rahisi, wengine ngumu kwa makusudi, kisha wakaonyeshwa kwamba wamefanya vizuri au vibaya. Baadaye wakaachwa peke yao chumbani na chemshabongo nyingine za aina ileile. Kwa Wakanada, waliofaulu ndio waliong'ang'ania zaidi. Kwa Wajapani ikawa kinyume: walioonyeshwa kwamba wameshindwa ndio waliokaa nazo muda mrefu. Ichukue hiyo uingie nayo darasani. "Hongera sana!" inayomtia moyo Mmarekani, kwa hawa haina uzito kama wino mwekundu unaoonyesha kosa liko wapi hasa. Usiogope kuwasahihisha. Usiposahihisha, wataona huwajali.

Wengi wakifika hapo humtaja Confucius, mwanafalsafa wa kale wa China, na kufunga mjadala. Mimi naona tunamtwisha mzee wa watu mzigo ambao si wake wote. Kilichozama zaidi katika maisha ya hawa vijana ni mtihani wenyewe na yale yanayouzunguka. China ilichagua maofisa wake kwa mitihani ya dola kwa takriban miaka 1,300, hadi ilipofutwa mwaka 1905. Udahili wa chuo kwa mtihani, uliokatizwa na Mapinduzi ya Utamaduni, uliporejeshwa 1977, walijitokeza watu kama milioni 5.7 na kuchukuliwa 270,000 hivi. Babu na bibi za hao unaowafundisha ni wa kizazi hicho. Wanamkumbuka jirani aliyepita na jirani aliyebaki shambani. Korea, siku ya suneung, mtihani wao wa kuingia chuo kikuu, Alhamisi moja ya Novemba, soko la hisa hufunguliwa saa moja baada ya wakati wake, polisi huwawahisha kwa pikipiki watahiniwa waliochelewa, na kwa dakika 35, wakati wa jaribio la kusikiliza Kiingereza, hakuna ndege inayoruhusiwa kutua wala kuruka. Mtoto aliyekulia katika nchi inayosimamisha ndege kwa ajili ya mtihani wake hahitaji Confucius amweleze kwamba kosa lina gharama.

Sasa hilo la kuandika kila neno. Lee Hye-jung, alipokuwa mtafiti katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Seoul, aliwahoji wanafunzi wenye alama za juu kabisa chuoni hapo ili ajue siri yao. Wengi mno walimwambia wanaandika kila anachosema mhadhiri bila kuacha kitu, na kwamba wakiwa na wazo tofauti na la mhadhiri, kwenye mtihani wanaandika la mhadhiri. Nchini Korea kwenyewe matokeo hayo yaliwashtua watu. Kwa hiyo usidhani ni jambo wanalolionea fahari wote. Wako wanaolilaumu kwa sauti kuliko wewe.

Lakini kukariri si lazima kuwe kitu kilichokufa. Wewe unayetoka Pwani unalijua hili kwa mifano ya mtaani kwako: mtoto wa chuoni huhifadhi juzuu kabla hajajua maana, na hakuna mzee anayesema mtoto huyo hafikiri. Maana inategemewa ije juu ya kilichokwisha kukaa kifuani. Mtafiti Ference Marton na wenzake walipowahoji walimu Wachina katika miaka ya 1990 walikuta kitu cha namna hiyo. Walimu hao walitenganisha kukariri kwa kasuku na kukariri kunakofanywa ili kuelewa, ambako kila ukirudia matini unatafuta usichokiona mara iliyopita. Watafiti wa nje waliokuwa wakishangaa inakuwaje "wakariri" hawa wanaongoza kwenye hesabu na sayansi wakapata mahali pa kuanzia. Mwombe mmoja wao akuonyeshe daftari lake. Uwezekano mkubwa utakuta kiambishi -ki- kimeandikwa kwa rangi tatu: rangi moja ya sharti, moja ya wakati, moja ya "nilimwona akipita", na chini yake sentensi zako mwenyewe ulizozitamka wiki zilizopita na ukazisahau. Huyo anasoma. Tatizo lake ni kwamba bado hajaonyeshwa sababu ya kulitoa daftari nje ya geti.

Nije kwenye kimya, na hapa nakuomba usiwafunge kifurushi kimoja.

Novemba 2010, mkutano wa G20 ulipofanyika Seoul, Rais Obama aliamua kuwapa waandishi wa Korea nafasi ya swali la mwisho kwa heshima ya wenyeji. Ukumbi ukanyamaza. Akauliza kama kuna yeyote, akasema akiulizwa kwa Kikorea atahitaji mkalimani. Aliyesimama alikuwa Rui Chenggang, mtangazaji wa televisheni ya taifa ya China, akidai anaweza kuuliza kwa niaba ya Asia nzima. Obama akamkumbusha kwamba nafasi ni ya Wakorea, akawasubiri tena, hakujitokeza mtu, na mwishowe Mchina akauliza. Wakorea wamelijadili tukio hilo miaka na miaka kwa uchungu. Ukisikia mtu anasema "Waasia hawaulizi", mkumbushe ukumbi ule: aliyeuliza na walionyamaza, wote walikuwa Waasia Mashariki.

Wanafunzi wa China mara nyingi husafiri pamoja kama darasa. Chuoni kwao wamekaa chumba kimoja cha bweni watu wanne au sita, wamehudhuria vipindi vilevile tangu mwaka wa kwanza, na wana kiranja anayesema na walimu kwa niaba yao. Maswali wanayo tele. Yanapita kwenye kundi lao la WeChat wakati wewe bado uko ubaoni. Wengine watakungoja mlangoni kipindi kikiisha, kwa sababu wanaona kuuliza katikati ya somo ni kula muda wa wenzao kwa shida yako binafsi. Baki darasani dakika kumi baada ya kipindi, ujifanye unapanga karatasi, uone watakavyokuja mmojammoja. Na mjue kiranja wao ni nani. Ukimwambia, "Niletee maswali matatu ya kundi kabla ya Alhamisi," utaletewa matano.

Kwa Wakorea angalia umri. Wavulana wengi hukatiza masomo kwenda jeshini, miezi 18 kwa jeshi la nchi kavu, kisha wakarudi darasani wakiwa wakubwa kuliko wenzao. Mdogo hamtangulii mkubwa kusema, na mkubwa naye anaogopa kukosea mbele ya wadogo. Ukiwachanganya vikundi bila kujua nani mkubwa, kikundi kizima kitakaa kinatazamana. Mjapani yeye hatanyoosha mkono, ila ukimwita jina atajibu, na atajibu vizuri. Shuleni kwao mwalimu huita watu kwa zamu, na kuitwa hakumwaibishi mtu. Wengi wetu tuliofunzwa kwamba kumwita asiyenyoosha mkono ni kumwonea, tunawangoja wajitolee mpaka muhula unaisha. Waite. Wape dakika moja ya kujiandaa, kisha ita kwa kufuata viti ili kila mtu ajue zamu yake inakuja lini.

Na "mmeelewa?" liache kabisa. Ni swali linalomtaka mtu akubali mbele ya wenzake kwamba mwalimu hakueleweka, na atakayelijibu "hapana" amekuvunjia heshima wewe na amejivunjia yeye. Waambie waandike kwenye kikaratasi sentensi moja wasiyoielewa, bila jina. Au wape wawili wawili jambo la kuzungumza kwanza, kisha kila jozi itoe taarifa ya jozi. Mtu akileta wazo la wawili haoni kama amejiweka uchi.

Kuna na jambo la ndani zaidi. Mwanasaikolojia Heejung Kim, mwaka 2002, alichapisha majaribio aliyofanya na wanafunzi wa vyuo nchini Marekani: wafumbue mafumbo ya maumbo huku wakisema kwa sauti wanachofikiri. Wamarekani wenye asili ya Ulaya hawakuathirika. Wenye asili ya Asia Mashariki walifanya vibaya zaidi kuliko walipoachwa kimya. Sisi walimu wa lugha tuna imani kali kwamba anayesema ndiye anayefikiri. Mbele ya hawa, imani hiyo ipunguze kidogo.

Lile la pili, wamekuja kutafuta nini, lina historia ndefu, na nchi hizo zimelitazama kama suala la kutumwa tangu mwanzo. Yung Wing alihitimu Chuo Kikuu cha Yale mwaka 1854, Mchina wa kwanza kumaliza chuo kikuu cha Marekani, kisha akaishawishi serikali yake itume wavulana 120 kuanzia 1872. Mwaka 1881 wakarudishwa nyumbani kabla ya wengi kumaliza, kwa hofu kwamba wamegeuka Wamarekani. Mmoja wa wachache waliokwisha kumaliza, Zhan Tianyou, ndiye aliyeisimamia reli ya Beijing hadi Zhangjiakou, iliyokamilika 1909. Japani ilimtuma Tsuda Umeko Marekani mwaka 1871 akiwa na miaka sita. Alirudi akiwa amesahau Kijapani, akaja kuanzisha chuo cha wanawake mwaka 1900, na tangu 2024 sura yake iko kwenye noti ya yeni 5,000. Mwaka 1978 kiongozi wa China Deng Xiaoping aliagiza wanafunzi watumwe nje kwa wingi, na Desemba kundi la kwanza la watu 52 likaelekea Marekani. Wote hao walitarajiwa kurudi na kitu.

Hadi leo, ukitaka kujua kijana wa huko anaionaje safari ya masomo, uliza kinachomsubiri akirudi. Majibu ya nchi hizo tatu hayafanani hata kidogo.

Japani mwaka wa masomo huanza Aprili, na kampuni huajiri wahitimu wapya kwa mkupuo, wote waanze kazi tarehe 1 Aprili. Kwa utaratibu rasmi kampuni huanza kutoa taarifa zao Machi mwanafunzi anapomaliza mwaka wa tatu, na usaili huanza Juni ya mwaka wa nne. Kiuhalisia mbio huanza mapema zaidi. Kijana aliyeko Zanzibar wakati huo anaona wenzake kwenye simu wamevaa suti nyeusi zinazofanana, wanapita kutoka ofisi hadi ofisi, na treni hiyo ikikuacha, kupanda ya mwaka unaofuata si rahisi. Ndiyo maana kila vuli kuna maonyesho ya ajira ya Boston yanayowalenga Wajapani wanaosoma nje. Wanafunzi hupanda ndege kwenda kufanyiwa usaili humo humo na kuondoka na kazi. Wajapani nchini Marekani walikuwa zaidi ya 47,000 mwaka 1997/98. Sasa hawafiki 20,000. Wazee wa huko husema vijana wamejifungia ndani. Nadhani wanawaonea. Watoto wamepungua, yeni imeshuka thamani, na kalenda ya ajira inamwadhibu anayeondoka mwaka mzima. Ndiyo sababu zaidi ya nusu ya safari za masomo za wanafunzi wa vyuo vya Japani hazifiki mwezi mmoja. Mjapani aliyekuja kwako kwa muhula mzima au mwaka amekata shauri zito, hata kama usoni halionekani.

Kwa Mkorea, safari huingia kwenye wasifu wa kuombea kazi, pamoja na alama za mtihani wa Kiingereza, mafunzo ya kazini na vyeti. Si jambo la kumlaumu. Ajira kwenye makampuni makubwa inagombewa mno. Lakini ina maana atakuuliza habari za cheti mapema kuliko ulivyotarajia, na ukimwambia Kiswahili kina mtihani wa ngazi fulani ataukimbilia.

China ndiko mambo yamebadilika haraka. Mwaka 2019/20 Wachina waliokuwa wakisoma Marekani walikaribia 373,000. Kufika 2023/24 walikuwa 277,000 hivi, na India ikawapita. Siasa za nchi hizo mbili zina mchango wake, na gharama pia. Zaidi ya hayo, shahada ya nje haina tena mng'aro wa zamani. Juni 2023 takwimu za serikali zilionyesha asilimia 21.3 ya vijana wa mijini walio katika soko la ajira hawana kazi, kisha takwimu hizo zikasimamishwa kwa miezi kadhaa na kurejeshwa kwa hesabu mpya. Aprili 2025 Dong Mingzhu, mwenyekiti wa kampuni ya vifaa vya umeme ya Gree, alisema hadharani kwamba hataajiri waliosoma nje kwa kuwa huenda kuna majasusi miongoni mwao. Alishambuliwa sana mtandaoni, lakini wazazi wengi walisikia. Miongoni mwa wanaosoma nje sasa wako waliokosa nafasi ya shahada ya uzamili nyumbani, au wenye fani ambayo nje ndiko iliko. Kiswahili ni fani ya namna hiyo. Wanafunzi wako, kama wengi wa lugha adimu, yumkini wamelipiwa na Baraza la Ufadhili la China, na masharti yake humtaka aliyefadhiliwa arudi atumikie nchini kwa miaka miwili. Redio China Kimataifa inatangaza kwa Kiswahili tangu 1961. Zipo kampuni za ujenzi, zipo balozi, zipo idara za vyuo. Huyo aliyekwambia hakuchagua, akirudi na Kiswahili kinachosikika kama chako, atakuwa na nafasi ambayo mwenzake wa uchumi hana. Mwambie hivyo, kwa maneno hayohayo.

Kuhusu kutosema na watu nje ya geti: "nendeni mkazungumze na wenyeji" ni agizo lisilo na ncha, na kwa mtu aliyezoea kazi yenye alama linamwacha amesimama tu barabarani. Mpe kazi yenye mwisho. Aende soko la Darajani asubuhi wakati samaki wanapigwa mnada, aulize bei ya aina tatu, aandike muuzaji alivyojibu neno kwa neno pamoja na utani wake, na alete kosa moja alilosahihishwa na mtu asiye mwalimu. Kosa hilo ndilo lipate alama nyingi. Wape kwa jozi za mataifa tofauti, Mkorea na Mjapani, Mchina na Mkorea, ili njiani wasiwe na lugha nyingine nyepesi ya kukimbilia, ingawa Kiingereza kitajipenyeza na utalazimika kukifumbia macho. Na kwa wanaokaa bwenini, kama chuo kinaruhusu, watafutie nyumba zenye bibi. Bibi hajali ngeli, hangoji mtu anyooshe mkono, na atauliza "umekula?" mpaka ajibiwe.